Wimbo wa katuni ukikataa: dalili, vyanzo na dawa

Mashindano ya wimbo wa katuni hutaka kitu kifupi: sekunde 30, wakati mwingine 45 au 60, jina la mhusika lisikike mapema, na mtoto aweze kuuimba akishausikia mara mbili. Ufupi huo ndio unaoponza. Kosa ambalo kwenye wimbo wa dakika nne lingepita bila kuonekana, hapa linakaa sebuleni. Mwongozo huu ni wa anayetunga na kurekodi nyumbani, awe Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu, akiwa na laptopu, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili, maiki moja, hedifoni za waya na simu. Programu yoyote itafaa: Audacity na BandLab ni za bure, Reaper ina siku 60 za majaribio.

Dalili nyingi husikika wakati wa kumiksi, lakini chanzo chake kiko nyuma zaidi: kwenye maneno, kwenye tempo, au chumbani. Ukitibu dalili kwa vikorombwezo vya programu, unapaka rangi ukuta wenye unyevu. Ndiyo maana tunaanza na kalamu, waya zitafuata.

Mfano wetu ni katuni ya kubuni kuhusu Kipunji, yule kima wa misitu ya Rungwe, Kitulo na Udzungwa ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, ingawa jina lake lilikuwapo midomoni mwa wenyeji kabla yao.

Wimbo umepita muda, au mwisho wake umekatwa ghafla

Karibu kila mara tempo ilichaguliwa kwa sikio tu, bila hesabu. Kwa mdundo wa nne kwa nne, zidisha BPM (mapigo kwa dakika) kwa sekunde ulizopewa, kisha gawanya kwa 240. Jibu ni idadi ya baa (vipande vya muziki vya mapigo manne, si zile za pombe kule Kabwe). Kwa sekunde 30, BPM 96 inatoa baa 12, 112 inatoa 14, na 128 inatoa 16 kamili.

Hiyo 128 inavutia, kwa sababu baa 16 hugawanyika vizuri: nne za kufungulia, nane za ubeti, nne za kiitikio. Tatizo ni pigo la kufungia. Kwa desturi huangukia mwanzo wa baa ya 17, na kwa BPM 128 hapo ni sekunde ya 30 yenyewe, nje ya mlango. Mtunzi analikata, na wimbo unaisha kama umeme umekatika. Panda hadi 136: baa 16 zinakwisha kwenye sekunde 28.2, pigo la kufungia linaingia hapo, na una karibu sekunde 1.8 za toazi na mwangwi kuzimika vyenyewe.

Ukitumia sita kwa nane, mdundo ambao ngoma nyingi za kwetu hukaa ndani yake, angalia programu inahesabu nini. Nyingi huhesabu BPM kwa noti ya robo, hivyo baa moja ni robo tatu, na unagawanya kwa 180. BPM 120 inakupa baa 20 ndani ya sekunde 30. Aliyedhani kila baa ni mapigo mawili mazito ya kasi hiyo hiyo ataandika baa 30, kisha atashangaa wimbo umetoka na sekunde 45.

Neno halieleweki, ingawa maiki ni nzuri

Usiguse programu bado. Soma mstari kwa sauti ya kawaida, kisha uuimbe, ulinganishe mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-PU-nji. Ukiliweka "Ki" juu ya pigo la kwanza na kulivuta, unapata "KIII-punji", kama mtalii anayesoma kibao cha hifadhi. Lisogeze "Ki" nusu pigo kabla ya mstari wa baa ili "pu" iangukie pigo la kwanza. Maneno machache hubadilika hata maana mkazo ukihama: barabára ni njia, barábara ni sawasawa. Katuni ya usalama wa watoto barabarani inaweza kuharibika hapo tu.

Dawa hiyo ina madhara yake madogo: neno la kwanza linaliwa. Kwa BPM 136, nusu pigo ni sekunde 0.22, na ukikata faili kuanzia mwanzo wa baa ya kwanza, "Ki" linabaki nje na kinachosikika ni "punji". Acha baa moja tupu mwanzoni mwa kazi yako, na wakati wa kutoa faili anza sekunde 0.3 kabla ya "pu".

Chanzo cha pili ni silabi ya "m". Katika "mti", "mtu" na "mbwa", mkazo unakaa kwenye "m" yenyewe, na mdomo umefungwa. Mstari "Kipunji juu ya mti" ukiishia na noti ndefu, noti hiyo inaangukia kwenye mguno. Andika "Kipunji juu mtini": mkazo unahamia "ti", mdomo unafunguka, na mizani ni zilezile nane. Mabadiliko ya neno moja hufanya kazi ambayo hakuna programu itakayoifanya.

Noti ndefu zipe "a", "e" au "o". Irabu "i" ikiwa juu na ndefu hubana koo la mtoto, na jina la mhusika wetu linaishia na "i". Kwa hiyo usifungie wimbo kwenye "Kipunji". Fungia kwenye "Kipunji wa Rungwe", uivute "e".

Halafu kuna wingi wa maneno. Aliyezoea kutunga tarbia yenye mizani 16 kila mshororo atataka kuzileta zote. Mizani nane ndani ya baa moja ya BPM 136 ni silabi 4.5 kwa sekunde, na mtoto wa darasa la pili hapo yuko kwenye ukingo. Ukifika sita kwa sekunde anameza konsonanti. Gawa mshororo: kipande kimoja kwa baa mbili, na uache robo ya mwisho ikiwa tupu wavute pumzi. Watunzi wengi husahau kabisa kwamba waimbaji wana mapafu.

Kipimo: mtafute mtoto ambaye hajausikia wimbo, mpigie rekodi mbaya ya simu mara mbili, mwambie aurudie. Neno atakalolibadilisha ndilo lenye kasoro. Usimsahihishe mtoto, sahihisha mstari.

Watoto wanapiga kelele juu, wananong'ona chini

Funguo ilichaguliwa na vidole vya mpiga gitaa. Waimbaji wa miaka 6 hadi 10 weka kati ya D iliyo juu kidogo ya C ya katikati ya kinanda na B inayofuata. C au D ya juu iguswe mara moja tu, kwa shangwe. Kwa sol-fa: Doh ni D, wimbo utembee kati ya d na l (doh na lah). Mpiga gitaa anayependa umbo la C abandike kapo, kile kibanio cha shingo, kwenye feti ya pili. Vidole vitabaki kwenye C na sauti itatoka D.

Huku kwetu una msaada ambao watu wa miji mingine wanautafuta: walimu wa kwaya wa Moravian na KKKT wanaosoma sol-fa kama gazeti. Andika sauti ya kwanza na ya pili kwa sol-fa, mpe mwalimu wa kwaya ya watoto siku nne kabla. Waje wakiwa wanaujua wimbo. Kujifunza mbele ya maiki huchosha sauti, na baada ya marudio kumi watoto wanaanza kushuka. Kama wanashuka hata marudio ya pili, hawasikii ala: wape hedifoni sikio moja, la pili liwe wazi wajisikie wenyewe.

Sauti ina mwangwi, kama imeimbwa bafuni

Nyumba nyingi ni tofali, plasta, sakafu ya saruji au vigae, na mabati juu. Simama atakaposimama mwimbaji, piga kofi moja kali. Ukisikia "trrrr" yenye ukali wa chuma, kuta mbili tupu zinarushiana sauti. Ukisikia mvumo mzito unaokawia kufa, chumba ni kidogo na kitupu, au umesimama kwenye kona.

Watu hukimbilia trei za mayai. Achana nazo. Zinapunguza kidogo mlio mkali wa juu na kuuacha ule wa kati na wa chini ulivyo, hivyo chumba kinatoka kikiwa na sauti ya debe lililofunikwa kitambaa. Kinachonyonya sauti ni unene na vinyweleo: godoro la sponji la inchi 6, blanketi zito lililokunjwa mara mbili, kabati la nguo lililofunguliwa milango.

Mahali pa kuviweka ndipo wengi wanapokosea. Maiki ya upande mmoja, ile inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma, inamtazama mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Ukuta huo ndio unaorudisha sauti ndani ya maiki. Kwa hiyo magodoro mawili yasimame nyuma ya mwimbaji kwa umbo la V, sio nyuma ya maiki kama inavyoonekana kwenye picha nyingi. Blanketi la pembeni ulining'inize sentimita 10 kutoka ukutani. Likigusana na ukuta linapoteza sehemu ya faida. Kama hakuna dari, tandaza blanketi jingine juu ya kamba, juu ya kichwa cha mwimbaji. Miguuni weka zulia au mkeka mzito.

Chumba cha kulala chenye kitanda na nguo hushinda sebule. Stoo yenye magunia ya mahindi nayo si mbaya, kwa kuwa magunia yanavunja ubapa wa ukuta, ila angalia vumbi na panya. Usijifungie ndani ya kabati: nafasi finyu hivyo huvimbisha sauti kati ya hetsi (mitetemo kwa sekunde) 150 na 300, na uvimbe huo haukatiki bila kuondoka na joto la sauti yenyewe. Mwimbaji akae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Kila anaposogea mbali, chumba kinaingia zaidi.

Kuna kelele nyuma na huwezi kuitoa

Kelele za huku zina ratiba, na ukiijua unapanga. Mvua za nyanda za juu kusini huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na tone juu ya bati halitoki kwenye rekodi kwa njia yoyote. Msimu huo kaa tayari asubuhi. Tukuyu hata Juni haina ahadi. Huko tafuta nyumba yenye dari.

Mabati yenyewe hulia bila mvua. Baada ya usiku wa baridi, jua likiyapiga yanatanuka na kutoa "ta, ta-ta". Jioni yakipoa yanarudia. Ukisikia vidoa vikavu visivyo na mpangilio kwenye rekodi ya saa mbili asubuhi, usimlaumu mtu kwa kubofya kalamu. Usiku kuna nyenje, alfajiri kuna majogoo. Dirisha zuri ni kati ya saa nne na saa sita mchana siku ya shule, likiwa na mawingu. Lakini watoto wako shule, hivyo unabaki na Jumamosi. Rekodi ala siku za kazi, watoto Jumamosi.

Ukikaa karibu na barabara kuu, Uyole, Iyunga, Mbalizi au Ipogolo, malori yanaleta mngurumo wa chini ambao hausikii kwa hedifoni ndogo ila mita inatikisika. Kata kila kilicho chini ya hetsi 120 kwenye sauti za watoto, chini ya 80 kwa mtu mzima. Simamisha stendi ya maiki juu ya mto au sponji, maana mtikisiko hupanda kupitia sakafu. Bodaboda hazitibiki, subiri ipite.

Mvumo wa "mmmm" au milio ya "trrt-trrt"

Umeme wetu ni wa hetsi 50, kwa hiyo mvumo wake uko 50, 100 na 150. Usianze kuukata kwa programu. Rekodi sekunde kumi za ukimya, ubadilishe kitu kimoja kila mara:

1. Chomoa chaja, laptopu ifanye kazi kwa betri. Mvumo ukifa, chanzo ni chaja au ardhi ya umeme wa nyumba. Rekodi kwa betri, ambayo pia inakulinda umeme ukikatika katikati ya rekodi nzuri kuliko zote.
2. Shika nyuzi za gitaa la umeme. Mvumo ukipungua, kinga ya gitaa au waya wa jeki ni dhaifu.
3. Geuza gitaa taratibu kama mshale wa saa. Mvumo ukibadilika, kuna transfoma, friji au adapta karibu. Sogea.
4. Zima taa za LED na chomoa friji, uandike pembeni "rudisha friji".
5. Simu ya kila mtu chumbani iwe kwenye hali ya ndege. Ile "trrt-trrt" ni simu inayotafuta mnara.

Waya wa maiki usiandamane na waya wa umeme. Vikilazimika kukutana, vikatane kama msalaba. Na kama soketi za nyumba hazina ardhi, mwite fundi umeme. Usivunje pini ya ardhi ya plagi ili kuua mvumo, hata kama umeona inafanya kazi kwa jirani. Pini hiyo inalinda watoto walioshika maiki ya chuma.

Mlio mwingine, wa kupasukapasuka kama mafuta jikoni, huja asubuhi za ukungu kwenye maiki za kondensa: unyevu umeingia kwenye kapsuli. Ukitoa maiki kwenye chumba cha baridi na kuiweka mbele ya watoto sita wanaopumua, umande unajitengeneza. Itoe kwenye mfuko nusu saa kabla, na ihifadhi kwenye kopo lenye pakiti za silika zile zinazokuja na viatu.

Sauti inapasuka

Tofautisha mbili. "Bupp" nzito mwanzoni mwa silabi ni pumzi. Mkwaruzo mkali kwenye sehemu za kelele ni kiwango kuzidi.

Pumzi: "p" na "b" hutupa upepo mbele moja kwa moja, na "Kipunji" lina "pu" katikati, juu ya pigo la kwanza. Pandisha maiki ifikie usawa wa pua na uiinamishe, au iweke pembeni kwa nyuzi 30 hadi 45. Pinda waya wa kutundikia nguo uwe duara la sentimita 12, uvalishe soksi ya nailoni, uuweke sentimita 8 mbele ya maiki. Kinafanya kazi sawa na kile cha dukani.

Kiwango: watoto hufanya mazoezi kwa adabu, kisha kwenye "haya!" ya mwisho wanalipuka. Weka geini, nguvu ya sauti inayoingia, kwa kuwaambia wapige ile "haya!" kwanza, kilele kisizidi −6 dB, mistari mingine itakaa karibu −12 na hiyo inatosha kabisa ukirekodi kwa biti 24 (24-bit). Rekodi iliyopasuka kidijitali hairudi. Irekodiwe upya.

Watoto wanne wasikike kama darasa zima? Wasimame nusu duara, sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye maiki, mwenye sauti kubwa arudi nusu hatua. Rekodi mara tatu, wakibadilishana nafasi kila mara. Kunakili rekodi ileile hakuongezi mtu, kunaongeza sauti tu. Na ukiisogeza nakala milisekunde chache inatoka kama mtu anaimba ndani ya bomba.

Sauti haikai kwenye biti

Sikiliza inavyokosea, kwa sababu kila namna ina chanzo chake.

Ikichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, ni ucheleweshaji wa mfumo. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha kwa zaidi ya milisekunde 100. Mwimbaji anaifuata biti iliyokwisha pita. Tumia za waya. Punguza bafa, akiba ya sauti ambayo programu hukusanya kabla ya kuitoa: sampuli 1024 kwenye 48 kHz ni milisekunde 21, sampuli 256 ni 5. Wakati wa kumiksi irudishe juu ili laptopu isikwame. Kilichokwisha rekodiwa kivute nyuma kwa kiasi kimoja, hakihitaji kuimbwa tena.

Ikianza sawa kisha ikaachana polepole, tempo ya biti na ya programu hazilingani, au faili la 44.1 kHz limesomwa kama 48. Hili la pili lina alama yake: kila kitu kinakwenda kasi kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda kama nusu toni na nusu yake. Kwa katuni unaweza hata kuipenda, lakini wimbo wa sekunde 30 umekuwa wa 27.6. Watu wengine husingizia saa ya simu na saa ya laptopu kutofautiana. Ndani ya sekunde 30 tofauti hiyo haifiki hata unene wa pigo moja.

Ikiyumba mbele na nyuma bila utaratibu, mwimbaji hasikii pigo. Mpe kayamba na ngoma tu kwenye hedifoni, ondoa kinanda chenye mbwembwe.

Ala na kinanda vinagombana

Baridi ya Juni na Julai hubadilisha nyuzi. Gitaa likiingia kutoka nje, liache chumbani nusu saa ndipo ulitune, na ulipime tena kila baada ya rekodi tatu.

Ukialika ala ya asili, tuseme ligombo la Wahehe, usilazimishe nyuzi zake zifuate kinanda hadi zikatike. Tafuta noti yake ya chini, ifanye hiyo ndiyo Doh, kisha sogeza kinanda kwa senti (sehemu ya mia ya nusu toni) mpaka visikike kitu kimoja. Kinanda ni namba, kinahama kwa sekunde mbili. Noti ambazo bado zinagombana, zinyamazishe kwenye kinanda, ala ibaki yenyewe. Mwamuzi anayesikiliza nyimbo arobaini za kinanda kilekile atainua kichwa hapo. Hata mlio mzito wa kipunji, unaofanana na honi inayobweka, unaweza kuigwa na kijana mwenye besi na kuwekwa kila mwanzo wa kiitikio.

Tamu kwenye hedifoni, chungu kwenye simu

Watoto watausikia wimbo kwenye simu ya mama au televisheni ya ukutani, kwa hiyo simu ndiyo hakimu. Spika yake haitoi kitu cha maana chini ya hetsi 200. Besi yako ya hetsi 55 haipo pale. Ongeza ukwaruzo kidogo kwenye besi ili milio yake ya 220, 275 na 330 ijitokeze. Sikio litaijaza besi lenyewe. Ngoma kubwa iongezewe mguso wa kijiti karibu na hetsi 3000.

Kitu kikipotea kabisa kwenye simu, geuza miksi yote iwe mono, yaani kushoto na kulia viunganishwe kuwa kimoja. Kinachotoweka kimepanuliwa kwa kigeuza-stirio, na pande zake mbili zinafutana. Ondoa upanuzi huo, rekodi gitaa mara mbili, moja kushoto, moja kulia.

Maneno yakizama chini ya ala, kabla ya kuongeza sauti ya waimbaji punguza kinanda na gitaa dB 3 kati ya hetsi 2000 na 4000. Dawa kali zaidi, na sisi tunaipenda, ni kukinyamazisha kinanda kila wanapotaja jina la mhusika.

Faili limekataliwa, au limefika limeharibika

Soma masharti upya, polepole. Yasiposema, toa WAV ya 48 kHz, biti 24, kwa sababu video hufanya kazi kwa 48. Sekunde 30 za stirio ni megabaiti 8.6, zinapita kwenye barua pepe. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni, jambo linaloharibu wimbo unaotakiwa kujirudia. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama nyaraka, kamwe usiupige wimbo spikani ili simu nyingine iurekodi.

Kwa ukubwa wa sauti, kilele kisizidi −1 dB, na wastani wa −16 hadi −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) unatosha kwa mtandaoni. Vituo vya televisheni vya Ulaya hutaka −23, kwa hiyo shindano la nje linaweza kukuandikia namba hiyo. Ukiibana miksi ishindane na biti za klabu, ngoma zinalala na sauti za watoto zinakuwa kama kelele ya mashine ya kusaga.

Kazi hukataliwa pia kwa sababu ya haki. Biti ya kupakua yenye maandishi "bure" mara nyingi ni bure kwa kujifurahisha tu. Vipande vya ngoma vya kununua vina leseni. Ihifadhi kwenye folda moja na wimbo. Hakimiliki yako huanza kazi inapoundwa, na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi. Kwenye masharti tafuta mahali panaposema mshindi "anahamisha" haki zote au "anaruhusu" itumike. Hayo ni mambo mawili yenye bei mbili. Kila mtoto aliyeimba awe na karatasi yenye sahihi ya mzazi, iliyochukuliwa kabla ya kurekodi, maana siku ya matokeo sahihi hupanda bei.

Ukimaliza, toa matoleo matatu kwa wakati mmoja: lenye sauti, lisilo na sauti, na kipande cha sekunde 10 chenye kiitikio pekee. Toa pia kila treki kivyake, zote zikianzia sifuri na kuisha pamoja, uweke kwenye flashi isiyokaa ndani ya mfuko wa laptopu.